Hewa Kwanza, Mafuta Baadaye: Kuchagua Gia kwenye Gari la Turbodizeli

*Hii ni hotuba nzima iliyotolewa mbele ya madereva na wamiliki wa magari ya dizeli. Imewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.*

Ndugu zangu madereva, akina mama na akina baba wenye magari ya dizeli, na nyinyi mafundi mlioketi kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na swali. Unapokanyaga mafuta kwenye gari la dizeli, unaiagiza injini nini? Nguvu, nasikia mtu anasema. Hapana. Unaagiza dizeli. Nguvu ni habari nyingine. Dizeli haiungui peke yake, inaungua na hewa, tena hewa nyingi. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, kilo 1 ya dizeli inataka kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Lakini ndani ya silinda, ambako nozeli inanyunyiza mafuta kufumba na kufumbua, kiasi hicho hakitoshi. Hewa inabidi ifike kilo 18 au zaidi, la sivyo mafuta yaliyokosa hewa yanatoka yakiwa masizi. Na hewa hiyo, kwenye injini yenye turbo, haiji kwa sababu umekanyaga sana. Inakuja kwa mizunguko ya injini.

Hoja yangu yote ya leo iko hapo. Hewa kwanza, mafuta baadaye. Na anayeileta hewa ni gia uliyoichagua.

Turbo si kitu kipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na kasi, kwa nini utupwe bure? Uzungushe tabini, tabini izungushe feni upande wa pili, feni isukume hewa kuingia kwenye silinda. Ilimchukua Büchi miaka ishirini kulifanya wazo lizae matunda. Kufikia 1925 alionyesha injini za dizeli zilizoongezewa nguvu kwa zaidi ya asilimia 40. Gari dogo la kwanza la turbodizeli kuuzwa, Mercedes-Benz 300 SD, lilikuja mwaka 1978. Tangu 1905 hadi leo, kanuni haijabadilika hata kidogo: moshi ndio unaozungusha turbo. Moshi ukiwa mdogo, turbo imelala. Turbo ikilala, hewa haipo. Hewa isipokuwepo, unaweza kukanyaga mpaka mguu uguse zulia, gari halitakwenda.

Tupige hesabu ndogo. Chukueni injini ya lita 2. Kila mizunguko miwili inavuta lita 2 za hewa, yaani lita 1 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, inavuta lita 1,200. Katika mizunguko hiyo turbo inaongeza kidogo tu, tuseme presha ya bar 0.2 juu ya ile ya kawaida ya hewa, ambayo ni kama bar 1, kwa hiyo injini inapata hewa ya kama lita 1,440. Sasa ipandishe hadi 2,000. Turbo imeamka, inasukuma bar 1.2, na injini inapata hewa ya kama lita 4,400. Mmeona? Mizunguko haijafika hata mara mbili, hewa imezidi mara tatu. Mafundi mtanisamehe, nimeacha joto la hewa na upotevu wa njiani, lakini picha ni hiyohiyo.

Ndiyo maana mtu aliyezoea gari la petroli lisilo na turbo hupata shida mwanzoni. Petroli ile huongeza nguvu polepole, kwa mpangilio, kadiri inavyozunguka. Turbodizeli haiko hivyo. Chini ya 1,400 au 1,500 ni dhaifu kabisa. Kutoka hapo hadi 2,500 hivi inavuta kuliko wakati mwingine wowote. Kufikia 3,500 hadi 4,000 inatoa nguvu yake ya mwisho, na zaidi ya hapo inapiga kelele tu. Fungueni kitabu cha gari lenu, ukurasa wa vipimo vya injini. Mtakuta namba mbili. Moja ni ya nguvu ya kuvuta, imeandikwa kwa Nm, na pembeni yake mizunguko, mathalani 340 Nm kati ya 1,750 na 2,500. Ya pili ni ya nguvu ya jumla, kwa kilowati au farasi, mathalani kwenye 3,800. Shikeni namba hizo za mizunguko kichwani. Ya kwanza ni pa kufanyia kazi, ya pili ni mpaka wa kutovuka.

Nataka tuwe na gari moja la mfano mpaka mwisho wa mazungumzo haya, ili tusizungumze hewani. Gari lina injini ya lita 2, linatoa 340 Nm kama nilivyosema, lina gia tano, na pamoja na abiria na mizigo lina kilo 2,000. Gia ya tano inalipeleka kilomita 50 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000. Ya nne 38. Ya tatu 26. Ya pili 17. Ya kwanza 9 na kidogo. Andikeni, tutazitumia tena na tena.

Sasa twende mlimani, maana huko ndiko injini nyingi zinakoumizwa.

Mlima una mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8. Madereva wawili, magari mawili ya aina yetu, wote wanataka kupanda kwa 60. Dereva wa kwanza amefika chini ya mlima akiwa gia ya tano na hataki kuigusa. Amesikia kwamba gia kubwa inakula mafuta kidogo. Mizunguko yake ni 1,200. Dereva wa pili ameona mlima kwa mbali, akapangua mapema hadi ya tatu. Mizunguko yake ni karibu 2,300.

Kulipandisha gari lile mlima ule kwa 60 kunahitaji kama kilowati 33, ukijumlisha uzito, msuguano wa matairi na upepo. Kilowati hizo ni zilezile kwa madereva wote wawili, mlima haujui uko gia gani. Lakini nguvu ni kuvuta mara mizunguko. Zidisha Nm kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Dereva wa pili, kwa mizunguko 2,300, anahitaji Nm 138 hivi, wakati injini yake hapo ina 340. Anatumia asilimia 40 ya uwezo, amebaki na akiba kubwa, anapanda huku akizungumza na abiria. Dereva wa kwanza anahitaji Nm 263 kwenye mizunguko 1,200, mahali ambapo injini ya aina hiyo ikijitahidi sana itatoa 180. Haitoshi! Spidi inashuka. Mizunguko inashuka nayo. Hewa inapungua zaidi. Anakanyaga zaidi. Gari linatetemeka, linaguna, na kama ni gari la zamani, kioo cha nyuma kinajaa moshi mweusi. Mwishowe anapangua kwenda ya nne akiwa 45. Ya nne kwa 45 ni 1,180. Yuko palepale! Kwa hiyo anapangua tena. Amemaliza mlima kwa gia ya pili, akilaumu pampu ya dizeli.

Je, pampu ina kosa gani hapo?

Angalieni jambo jingine ambalo macho hayalioni. Injini ya silinda nne inalipuka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa 1,200 ni milipuko 40 kwa sekunde. Kwa 2,300 ni 76 na ushei. Kilowati zilezile 33 zikigawanywa kwa milipuko 40, kila mlipuko unabeba karibu mara mbili ya ule wa 2,300. Pigo hilo linashuka kwenye pistoni, linaingia kwenye koneksheni rodi, linatua kwenye beringi za krankshafti, ile shafti kuu ya injini. Na beringi hizo zinaelea juu ya utando wa oili ambao unategemea mwendo ili ushike. Mizunguko midogo, utando mwembamba. Mizunguko midogo, presha ya oili ndogo. Kwa hiyo umeipa injini pigo kubwa kuliko yote wakati ina kinga ndogo kuliko yote.

Kisha pigo linaendelea hadi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati, kazi yake ni kumeza mtikisiko ule. Springi zile zina mwisho wa kubanwa. Ukiendesha chini ya 1,300 huku umekanyaga, zinafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma, safari baada ya safari. Dalili yake ni mlio wa kugongagonga injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, unaobadilika ukikanyaga klachi, na mtikisiko mkali unapozima. Kuibadilisha ni kushusha giaboksi nzima, na mafundi watakwambia uweke klachi mpya papo hapo. Mtu ameokoa vijiko vya dizeli, amepoteza flaiwili.

Joto nalo. Pampu ya maji huendeshwa na injini. Mizunguko midogo, maji yanazunguka polepole, na huko juu injini inafanya kazi ya nguvu zote. Magari mengi yanayochemka mlimani hayana rejeta mbovu, yana dereva wa gia kubwa. Sisemi yote. Nasema mengi.

Nisieleweke vibaya hapa. Sisemi 1,300 ni sumu. Barabara tambarare, mguu mwepesi, gari linateleza kwa 65 gia ya tano, mizunguko 1,300, hiyo haina neno, na kwa mafuta ni nzuri sana. Kinachoua ni mizunguko midogo pamoja na mguu mzito. Kipimo ni chepesi: kanyaga kidogo. Kama gari linaitikia ndani ya sekunde moja, uko gia sahihi. Kama linaguna, bodi inatetemeka, au hakuna kinachobadilika ila sauti, ondoa mguu, pangua, kisha ndiyo ukanyage. Hewa kwanza, mafuta baadaye.

Na mlimani panga gia kabla ya mlima. Kwa gari letu, ukiwa kwenye mwinuko, usingoje mizunguko ishuke chini ya 1,700 ndipo upangue. Pangua ikiwa 1,900 au 2,000. Ukipangua kutoka ya nne kwenda ya tatu kwenye 2,000, unatua karibu 2,900, bado uko pazuri. Na ukishapangua, usiwe na haraka ya kurudisha. Mlima ukilala kidogo katikati, shikilia gia ileile mpaka uone kilele.

Kupandisha gia sasa. Hapa wengi wanafundishwa namba moja: badilisha kwenye 2,000. Namba moja kwa gia zote haiwezi kuwa sawa, kwa sababu gia hazijapangwa kwa hatua zilizo sawa. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili mizunguko inaanguka karibu nusu. Kutoka ya nne kwenda ya tano inaanguka robo tu. Ukitaka kutua 1,500 kila mara kwenye gari letu la mfano, kutoka ya kwanza lazima uondoke kwenye 2,750. Kutoka ya pili, 2,300. Kutoka ya tatu, 2,200. Kutoka ya nne, 1,970 hivi. Mmeona namba zinavyoshuka? Gia za chini zikimbize kidogo zaidi, za juu unaweza kubadili mapema. Kwenye tambarare bila mzigo, ya kwanza iache hata kwenye 2,200, maana kazi iliyobaki ni ndogo na utatua 1,200 huku gari tayari linasonga. Lakini ukiwa na mzigo au unaondokea mlimani, zifuate namba hizo, na ongeza mia mbili au tatu juu yake, kwa sababu wakati klachi iko chini gari linapoteza mwendo.

Kufika 4,000 kwenye gia ya pili hakukupi kitu. Injini yetu inatoa nguvu yake yote kwenye 3,800, baada ya hapo nguvu inaporomoka na kelele inapanda.

Tuzungumzie kupita gari lililo mbele yako, kwa sababu hapa kosa la gia halimalizii kwenye flaiwili, linamalizia kwenye lori linalokuja.

Uko nyuma ya tela, linakwenda 60, barabara ina njia moja kila upande. Gia ya tano, mizunguko 1,200. Nafasi inaonekana. Unatoka, unakanyaga. Nini kinatokea? Sekunde ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, turbo inaanza kukusanya upepo. Wakati wote huo uko upande wa watu wengine, na injini yako ina kilowati 22 au 23, na karibu theluthi ya hizo inaliwa na kulitunza gari kwenye 60. Ukiwa na bahati, unarudi nyuma ya tela ukiwa umetota jasho.

Fanya hivi. Ukiwa bado nyuma ya tela, kabla nafasi haijaja, ingiza ya tatu. Mizunguko 2,300. Turbo iko macho, na injini ina kilowati 80 tayari chini ya mguu wako. Ndugu zangu, gari lilelile, spidi ileile, dereva yuleyule: 22 dhidi ya 80! Nafasi ikija, unakanyaga na linaondoka papo hapo. Utafika 100 kwenye mizunguko 3,800, ndani ya gia ileile moja, bila kugusa klachi katikati ya upande usio wako. Unarudi kwenye njia yako, ndipo unapandisha, tena moja kwa moja hadi ya tano ukitaka. Mizunguko itatua 2,000.

Sasa mteremko.

Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alikuwa kwenye lori lenye injini yake, wakivuka nchi kutoka New York kwenda Los Angeles kuonyesha kwamba dizeli inaweza kazi ya barabarani. Karibu na mwisho wa safari, kwenye mteremko mrefu wa Cajon Pass huko California, breki zilizidiwa. Lori likawa halishikiki, na chini kulikuwa na makutano ya reli yenye treni ya mizigo inayopita. Walinusurika kwa upenyo mdogo sana. Cummins hakulisahau jambo hilo. Miaka mingi baadaye alibuni breki inayoifanya injini yenyewe izuie lori kwa kuachia hewa iliyobanwa kwenye silinda, na mwaka 1961 ikaanza kuuzwa. Ndiyo ile inayounguruma kwenye malori makubwa yakishuka milima.

Kwa nini aliihitaji? Kwa sababu dizeli kwa asili yake haizuii vizuri. Injini ya petroli ukiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga, pistoni zinavuta dhidi ya ombwe, gari linashikwa. Dizeli haina mlango wa kubana hewa kwa namna hiyo. Inameza hewa, inaibana, hewa inarudisha nguvu kama springi, mchezo unakwisha. Magari yetu madogo hayana breki ile ya Cummins. Kilichobaki ni gia ndogo na mizunguko mingi, maana msuguano wa injini unaongezeka kadiri inavyozunguka.

Gari letu la kilo 2,000 likishuka mwinuko uleule wa asilimia 8 kwa 60, baada ya upepo na matairi kuchukua sehemu yao, zinabaki kama kilowati 19 ambazo lazima ziende mahali. Hizo ni kama majiko tisa ya umeme ya kilowati mbili yakiwaka yote kwa pamoja, na ukiwa gia ya tano karibu yote tisa umeyawasha ndani ya diski na pedi zako. Baada ya kilomita chache oili ya breki inachemka, pedali inakuwa laini, inazama. Kwenye gia ya pili, mizunguko 3,500, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo ule na breki inakuwa ya kurekebisha tu: kanyaga kwa nguvu kwa sekunde chache, shusha spidi, achia zipoe. Usiiburuze kidogokidogo njia nzima.

Mnaogopa 3,500 itakula mafuta? Haili hata tone. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Anayekula mafuta ni yule aliyeweka frii, yaani bila gia yoyote, "kubana matumizi": injini yake lazima iendelee kuchoma ili isizime. Amelipa mafuta, amekosa breki ya injini, na kama injini ikizima, servo ya breki, ile inayoifanya pedali iwe nyepesi, inabaki na ombwe la kukanyaga mara chache tu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe.

Yapo mambo ya asubuhi na jioni ambayo nitayapitia haraka. Injini ikiwa baridi, usiketi dakika kumi ikiunguruma. Subiri nusu dakika, ondoka, lakini usizidi 2,000 hadi 2,500 na usikanyage hadi chini. Mshale wa joto ukifika katikati usikudanganye, huo ni wa maji. Oili inachelewa, ipe dakika kumi za mwendo. Ukifika, kama umetoka kupanda mlima au kukimbia njia kuu, iache sailensa dakika moja au mbili, ili oili iendelee kupita kwenye shafti ya turbo na kuondoa joto. Ukizima ghafla, oili iliyobaki mle inaungua, inakuwa mkaa, na mkaa huo unakula beringi. Kama kilomita mbili za mwisho ulikuwa mtaani polepole, turbo imeshapoa, zima tu.

Nirudi kwenye masizi, hapo nataka kukaa kidogo. Chukueni gari la mtu anayekwenda kazini kilomita 6 na kurudi 6. Dereva mpole, hazidi 1,700 mwaka mzima. Anajisifu. Gari lake lina filta ya masizi, ile DPF. Filta hiyo inajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la kama nyuzi 600, na ili kufika huko kompyuta inaongeza dizeli kidogo ya ziada. Kazi inataka dakika 10 hadi 20 za mwendo wa mfululizo. Yule bwana anafika kazini na kuzima, filta imechomeka robo. Jioni vilevile. Dizeli ile ya ziada isiyoungua inateremka ukutani mwa silinda, inaingia kwenye oili. Siku moja anachomoa dipstiki na kuona oili imepanda juu ya alama ya mwisho. Anafurahi kwamba injini yake haili oili! Ndugu, hiyo ni dizeli ndani ya oili. Mwaga, weka mpya.

Wakati huohuo vile vipande vidogo vinavyojigeuza ndani ya turbo, vinavyoelekeza moshi kwenye tabini, vinaganda kwa masizi kwa sababu havijawahi kuzunguka hadi mwisho wa njia yao. Siku akipanda mlima na kukanyaga kweli, turbo inasukuma kupita kiasi au haisukumi ipasavyo, taa ya injini inawaka, gari linajifungia na kukataa nguvu. Akizima na kuwasha, linapona kwa muda. Fundi akichomeka mashine anakuta namba ya kosa P0234 (turbo inasukuma kupita kiasi) au P0299 (haisukumi ipasavyo), na wengine wanakimbilia kubadilisha turbo nzima.

Kinga yake: mara moja kwa wiki, injini ikiwa moto, tafuta barabara iliyo wazi, tumia gia moja chini ya ile ya kawaida yako, shikilia 2,200 hadi 2,500 kwa dakika 20, na mara mbili tatu kanyaga vizuri kwenye gia ya tatu kutoka 2,000 hadi 3,500. Hiyo ni dawa ya gari ambalo bado halijaziba. Likishaziba, ni kazi ya fundi.

Wenye otomatiki mnadhani nimewasahau? Gia inachaguliwa na kompyuta, lakini kompyuta haioni mlima, inausikia ukishaufikia. Kwa hiyo kwenye mwinuko mrefu peleka mkono kwenye gia za kuchagua mwenyewe, shikilia ya tatu au ya nne, uzuie giaboksi isipande na kushuka kila kona. Kupandapanda huko ndiko kunakochemsha oili ya giaboksi. Kwenye mteremko fanya hivyohivyo, na usiiweke kwenye N.

Mwisho kuna jambo la hatari ambalo ni nadra, ila likitokea hakuna muda wa kupiga simu. Injini ya dizeli inaweza kukimbia yenyewe. Sili ya turbo imekatika, au oili imezidi kama ya yule bwana, na injini inaanza kuvuta oili yake na kuichoma. Mizunguko inapanda, moshi mzito unafunika barabara, unazima swichi na haizimi. Haizimi kwa sababu haitumii tena mafuta ya tangi. Kwenye gari la klachi, gia ndiyo ya kukuokoa. Kama gari limesimama: breki ya mguu hadi chini, breki ya mkono, klachi, ingiza gia ya juu kuliko zote, achia klachi kwa uamuzi. Injini itakabwa na kuzima. Kama uko kwenye mwendo, usishikilie klachi chini, maana utaiachia huru. Kama uko gia ya chini, ipeleke ya juu kwa haraka, kisha breki kwa nguvu zote mpaka izime. Klachi inaweza kuungua, iache iungue. Kwenye otomatiki njia hiyo haipo. Simamisha gari, toeni watu, sogeeni mbali. Mtu asipeleke mkono kwenye mdomo wa hewa.

Yameletwa maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza: mshale wa kwenye dashibodi unaosema pandisha gia, ufuatwe? Barabara tambarare na gari tupu, ufuate. Ukiwa na mzigo au mlimani, ufanyie jaribio lile la kukanyaga kidogo, gari likiguna, mshale umekosea.

La pili: inaruhusiwa kuruka kutoka ya tano hadi ya tatu, au hadi ya pili? Kuruka kunaruhusiwa. Kwa 60, ya tano kwenda ya tatu, mizunguko inapaswa kupanda kutoka 1,200 hadi 2,300, kwa hiyo gusa mafuta kidogo klachi ikiwa chini, kisha achia taratibu, gari halitaruka. Ya pili ndiyo ya kuogopa. Ukiwa 80 ukaingiza ya pili na kuachia klachi, magurudumu yataipeleka injini hadi 4,700, na hapo kompyuta haiwezi kukusaidia, kwa sababu inayoizungusha injini si dizeli, ni barabara. Valvu zinaweza kugonga pistoni. Kwa gari letu la mfano, usiipachike ya pili spidi ikiwa imezidi 60.